Mlio wa Mtungi

Bi Mashavu alikuwa anairudisha mitungi yake kwenye nyasi kavu za kuifungia, mmoja mmoja, na tamasha lilikuwa ndiyo kwanza limechangamka. Nyuma yake bendi ilitikisa uwanja mzima wa ghala la zamani.

"Mama, unaondoka kweli?" Tunu alimuuliza kwa kupaza sauti. Ndiye aliyewakusanya hapo wanamuziki na mafundi wa mji, kwa siku hiyo moja tu.

"Nani atanunua mtungi asiousikia? Mtungi hugongwa kwanza. Ukilia vizuri ni mzima, ukilia kama debe una ufa. Hapa hata mimi siusikii."

Wasusi wa mikeka walikuwa wanawatazama. Akiondoka yeye, nao wangekunja yao. Lakini bendi ikinyamaza, watu wangetoka.

Tunu akapanda jukwaani, akaikandamiza ngoma kwa viganja. Muziki ukakatika. Watu wakaguna, wengine wakaanza kuelekea getini.

"Gonga, mama."

Bi Mashavu alimkazia macho, kisha akainua mtungi mdogo na kuugonga kwa kifundo cha kidole. Ukalia, mlio mwembamba, mrefu, uliofika hadi getini. Waliokuwa wanatoka wakageuka.

"Na ule mkubwa?" akauliza mpiga ngoma.

Ule mkubwa ulikuja juu ya lori, barabara yote mashimo, na tangu uteremshwe Bi Mashavu hakuwa amethubutu kuugonga. Akaupakata.

Bi Mashavu akainua mkono augonge.