Makasri Mawili Mwezi wa Mei

Afra Hölzl alikuwa ameketi nyuma ya usukani, gari limezimwa uani, macho ameyafumba, akizitaja kona za barabara moja baada ya nyingine.

"Steingaden, kushoto. Trauchgau, moja kwa moja. Buching..." Akasita.

"Buching unapunguza mwendo," alisema mumewe, Korbinian, aliyeketi kando yake na daftari magotini. "Anza upya, mama."

"Kwani wewe utakuwa wapi? Si utanielekeza?"

"Mimi gari likianza kutembea tu, nakoroma. Unanijua."

Afra akacheka, akaanza upya.

Kwa miaka thelathini na minane walikuwa wakiliona kasri jeupe la mfalme kutoka malisho ya juu, siku ambazo hewa ilikuwa safi, dogo kama jino la mtoto. Hawakuwahi kufika. Ng'ombe hukamuliwa alfajiri na jioni, Krismasi na Pasaka, wala hawangoji watu warudi matembezini. Siku ya arusi Korbinian aliahidi kumpeleka mkewe nyasi zikishavunwa. Nyasi zikavunwa, zikaota, zikavunwa tena. Kisha, mwezi wa pili mwaka huu, bila kushauriana na mtu, aliwauza ng'ombe wote kumi na tisa na kutangaza kwamba safari ipo: kasri jeupe siku ya kwanza, kasri la Linderhof siku ya pili. Afra alishinda kwenye zizi tupu akilia, asijue kama analilia ng'ombe au ni furaha.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa nyonga ya Afra, iliyobadilishwa hospitalini mwezi wa kwanza. Kasri jeupe lina ngazi zaidi ya mia tatu, kupanda na kushuka, na kila tiketi huandikwa dakika ya kuingia. Anayechelewa hubaki nje. Kwa hiyo kila asubuhi Korbinian alimpeleka kwenye mnara wa kanisa, akasimama chini, akihesabu kwa sauti vidato alivyovipanda mkewe. Wiki hiyo walifika mia moja na arobaini. Afra alipouliza kwa nini wasipande pamoja, alijibiwa kwamba lazima awepo mtu wa kuhesabu.

Karatasi ya njia Afra aliihifadhi katika kitabu chake cha sala, kitu pekee ambacho hakuwahi kukisahau popote. Humo zilikuwemo kadi za wafu wote wa bonde lao, kama zinavyogawiwa kanisani siku ya maziko: picha, tarehe mbili, sala fupi.

Jumatano alikuja Kreszenz, dada yake Afra, na keki ya matufaha. Alilipekua daftari lote, akatikisa kichwa.

"Shemeji, hata mfalme mwenyewe hakupangiwa safari hivi. Chooni umetupa dakika ngapi?"

"Nne," alisema Korbinian, akamwonyesha mstari. Kisha akamuuliza kama magoti yake yeye yangeziweza ngazi mia tatu.

"Yangu mazima. Mwulize mkeo ya kwake."

Korbinian akaandika kitu daftarini.

Afra naye alikuwa na mashtaka yake. Jumatatu mumewe alikwenda mjini Schongau kupigwa picha, amevaa koti la sherehe na kofia yenye kishungi cha manyoya.

"Kajipamba kama bwana arusi, halafu wamempiga picha ya kichwa tu. Na shingo hiyo imekuwa ya kuku, kola inamcheza."

"Ng'ombe wameondoka na maziwa yao," alisema Korbinian.

Wakacheka wote watatu. Afra akakata kipande kingine cha keki, akasema kwamba yeye dhahabu na vioo vya wafalme havimhusu. Alichotaka ni kuiona ile meza ya Linderhof, iliyokuwa ikipandishwa kutoka jikoni hadi kwa mfalme ikiwa imeshaandaliwa.

"Nione meza moja tu duniani isiyoningoja mimi."

"Utaiona," alisema Korbinian.

Ijumaa, dada hao wawili walipokwenda kanisani, Korbinian alilifungua daftari mezani na kupiga simu mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya tiketi. Msichana aliyepokea aliomba majina ya wageni wawili.

"Afra Hölzl," alisema Korbinian polepole, ili yaandikwe sawasawa. "Na Kreszenz Bader."

Ya pili ilikuwa kwa mpiga chapa wa Schongau.

"Picha ya kadi ni ile ya kofia," alimwambia. "Sala iwe ileile uliyomwekea baba yangu. Tarehe ya kuzaliwa andika sasa; ile nyingine utaletewa na mke wangu." Akageuza ukurasa. "Nakuomba tu usimcheleweshe. Mwezi wa Mei ana safari."