Msomi wa Hamira

Shangazi watatu wa Bwanaheri waliketi mkekani. Asia, msichana waliyekuja kumposa, alikuwa juu ya kiti.

Juu ya kiti! Bi Tabu, mama yake, alitamani ardhi ipasuke immeze. Tangu lini, hapa Mtawanya, binti akawakalia wakwe zake vichwani?

"Asia, mwanangu, shuka uwanawishe wageni."

"Shikamooni, shangazi," Asia alisema palepale alipo, akitabasamu. Hakuinua hata kisigino.

Bi Tabu akanyakua birika akawanawisha mwenyewe. Jamani, huyu mtoto! Chuo cha Dar es Salaam kimemrudishia maringo matupu. Nazi hakuni, uani hafagii, kula ni kitini. Akitembea, ni hatua mojamoja kama bibi harusi. Kutwa yuko na vitabu vyake.

"Kwani unasomea nini, mwanangu?" aliuliza Bi Subira, shangazi mkubwa.

"Hamira, shangazi."

"Hii ya maandazi?"

"Hiihii. Kila chembe yake ina vijumba vya kutengeneza nguvu, vinaitwa mitokondria. Humo mna protini zinazolea protini nyingine zikunjike sawasawa, na mna za kukatakata zilizoharibika. Wakataji hao wakikosekana, taka zinajaa. Hamira inaishi, ila nguvu zake zinapungua."

"Makubwa!" Bi Subira akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Akajifunga mtandio, akainuka, na wenzake wakainuka. "Tabu, binti yako msomi. Sisi watu wa mkekani hatumwezi."

Chai hawakuigusa. Bi Tabu aliwafuata hadi mlangoni akiomba radhi, wao wakavaa viatu wakaenda zao. Posa ikawa imekufa, na kufikia magharibi Mtawanya nzima ingejua.

Akarudi ndani anafoka.

"Umenivua nguo, Asia! Mbele za watu! Mwanamume mzuri vile, mwenye adabu zake, unamkosa kwa sababu ya kiburi! Haya, simama! Wakimbilie, kawapigie magoti!"

Asia alikuwa analia.

"Mama, zile hamira zetu za chuoni tumeziondolea mkataji mmoja makusudi. Wapo watu wanaozaliwa na huyo mkataji mbovu, na miguu ndiyo inayoanza kukakamaa." Akanyoosha mikono yote miwili. "Nishike kiunoni, mama. Peke yangu siinuki tena."