Mpangaji Aliyekula Dakika Sita

Jumanne, tarehe kumi na tisa, kompyuta ya wodi iliandika kwamba moyo wa mke wa fundi makochi ulisimama saa nne na dakika kumi asubuhi, na kengele ya wauguzi ikalia dakika ileile. Saa ya ukutani ilisema kengele ililia saa nne na dakika kumi na sita. Fundi aliiona kwa macho yake mwenyewe, amekaa kwenye benchi la korido, mkabala nayo.

Wakubwa wa hospitali walikaa kikao, wakatoka na karatasi: saa ya ukutani ni mbovu. Saa ikabadilishwa, mke akazikwa, yakaisha. Kwao wao. Fundi, aliyeishia darasa la nne, aliisoma karatasi ile mchana kutwa, akaikunja, akaanza kumtafuta mtu wa kumjibu.

Hakwenda mbali. Mfumo wa wodi ulikuwa wa kampuni iliyomwajiri binti yake wa pekee. Binti alikuwa akiandika kiini cha mfumo, ile sehemu ya ndani kabisa inayoziamuru nyingine zote. Hata Jumanne ile hakuwepo hospitali, alikuwa kazini tangu alfajiri.

Alimweleza baba yake kwa lugha ya nyumbani. Siku hizi kompyuta moja kubwa inagawanywa kama nyumba ya kupanga. Kila chumba kina mfumo wake, na kila mfumo unadhani nyumba nzima ni yake. Mwenye nyumba anaweza kuchukua nguvu ya chumba hiki akampa jirani. Aliyenyang'anywa analala, na akiamka hajui kwamba alilala. Saa yake inaendelea pale ilipoishia. Kazi ya binti ilikuwa kukifundisha kiini kijijue kuwa ni mpangaji, kiache kujifanya, kimwulize mwenye nyumba waziwazi: sasa ni saa ngapi, na umenichukulia muda gani?

"Kwa hiyo mama yako aliibiwa," fundi alisema.

"Dakika sita, Baba."

"Nani akapewa?"

Binti hakujua. Wapangaji hawajuani, alisema. Nani amewekwa nyumba moja na nani, anajua bosi wake peke yake.

Bosi huyo fundi alikuwa amemwona msibani: alikuja na suti yake nyeusi, akakaa nyuma kabisa, chakula hakugusa. Siku ya tatu baada ya mazishi alimwita binti, akamwambia kazi ya kiini isimame mara moja, na yeye ahamie idara nyingine, kwa cheo kikubwa zaidi. Fundi aliposikia hivyo alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu Jumanne ile, na hakikuwa kizuri. Mtu asiye na lake jambo, alisema, anagawa vyeo kwenye matanga?

Akamwambia binti asiache. Binti alikuwa amechoka, hali chakula, alitaka kumlilia mama yake kama watu wengine. Fundi hakumpa nafasi. Kila binti akirudi kutoka kazini alikuta sponji na misumari vimesukumwa pembeni, meza ya karakana imefutwa, kiti kimevutwa tayari.

"Utalia baadaye, mwanangu," alimwambia. "Kwanza tumvue huyu mtu nguo mbele za watu."

Ikawa miezi mitano. Kiini kilianguka mara nyingi hata wakaacha kuhesabu. Binti alikitukana, na fundi naye akakitukana, bila kujua hasa anatukana nini. Siku kilipokubali, walichukua nakala ya mfumo wa wodi, wakaibana nguvu kwa makusudi, na nakala ikasema yenyewe kwenye skrini: nimelazwa, kwa sekunde kadhaa.

Bosi alipata habari. Alimfuata fundi karakanani, akasimama katikati ya makochi yasiyo na vitambaa, akakataa kukaa.

"Mzee, usimsukume binti yako kwenye hili."

"Unanitisha?"

"Nakuomba."

Fundi akaendelea kugonga misumari. Baadaye alimsimulia binti jinsi jasho lilivyomtiririka yule bwana, na wote wawili wakala vizuri siku hiyo.

Bodi ya kampuni ikakaa Alhamisi kumsikiliza binti. Fundi alivaa koti lake la harusi. Binti alionyesha kazi yake, na alipomaliza hakuna aliyeitaja tena saa ya ukutani. Mwenyekiti akaamuru kumbukumbu za ile kompyuta kubwa, za Jumanne ile, zifunguliwe palepale.

Bosi akapendekeza zifunguliwe faragha. Fundi akasimama.

"Mke wangu nilimzika hadharani," alisema. "Aliyekula dakika zake, jina lake nalo litoke hadharani. Mungu akitaka amsamehe. Mimi simo."

Binti akaja kukaa karibu naye, akamshika mkono wa koti, akafumba macho.

Bosi alikosea neno la siri mara mbili. Mara ya tatu mistari ikajipanga kwenye skrini kubwa. Saa nne na dakika kumi, wodi imelazwa. Nguvu zake zote zimepewa chumba cha majaribio ya kiini. Halafu jina la aliyeanzisha jaribio.

Fundi alilisoma polepole, midomo ikicheza. Yalikuwa majina mawili. La kwanza alilichagua marehemu, siku walipotoka na mtoto wodi ya wazazi. La pili lilikuwa la fundi mwenyewe.

"Baba," binti alinong'ona, macho bado ameyafumba. "Ni nani?"