Jiwe la Mpaka

Kwa miaka thelathini jiwe la mpaka lilisimama katikati ya uchochoro: nyumba ya Siwema jimbo hili, ya shoga yake Kalunde jimbo lile. Kila asubuhi Siwema aliweka juu ya jiwe hilo bakuli la uji na kupaza sauti, "Msaada kwa jimbo lenye njaa!"

"Uji gani huu, maji matupu!" Kalunde alijibu huku akinywa. "Kwenu hata mtama unaona haya kuota."

Jana maofisa waliling'oa jiwe hilo. Majimbo yameunganishwa, walisema.

Leo Siwema alitoka na bakuli lake, akasimama mbele ya shimo. Kalunde alikuwa mlangoni. Mtu wa jimbo lako mwenyewe hutaniwa vipi?

"Hujambo?" Siwema aliuliza, kama wanaokutana msibani.

Kalunde aliingia ndani, akatoka amekumbatia jiwe jeusi kwa masizi, akalitumbukiza shimoni na kulishindilia udongo kwa kisigino.

"Haya," alisema akihema. "Wenye njaa tumefika."

Siwema aliweka bakuli taratibu. Nyuma ya shoga yake, mlango ukiwa wazi, chungu kilikaa sakafuni, kando ya mafiga mawili.