Ngiri Apanga Shimo Msituni

Mvua ilikaribia, na Ngiri alihitaji pa kuwalaza watoto wake. Alitoka nyikani, ambako biashara huanza bila salamu, akamwendea Nungunungu wa msituni, mwenye mashimo ya kupangisha.

"Shimo lipo?"

"Lipo. Lakini bwana, hata habari za nyumbani huulizi?"

"Sina muda. Nimelichukua!"

Ngiri akaingia kinyumenyume, kama ilivyo desturi yao. Akatoka mbio, siafu wamemng'ang'ania makalioni.

"Mbona hukuniambia?"

"Kwetu, kasoro za nyumba husemwa kwenye salamu. Wewe umezikataa."

Matone yakaanza kuanguka. Ngiri akapiga magoti.

"Shikamoo, mzee. Habari za nyumbani?"

"Marahaba. Nzuri. Shimo la pili halina siafu."

"Na mama hajambo? Watoto je? Na wakwe zako?"

"Hawajambo wote!" Nungunungu akapaza sauti. "Mvua hiyo, bwana! Kawalete wanao!"