Ufunguo wa Chumba cha Uani

Mama Eliwaza alikuwa amemwomba Mungu ampe mpangaji mkweli. Wenye watoto hakuwataka, na hilo alimwambia kila aliyebisha hodi.

"Na huyu?" alimuuliza Nasemba, aliyekuja kutafuta chumba, akimtazama msichana mdogo aliyeng'ang'ania gauni la mgeni huyo.

"Wa kaka yangu, mama. Amenisindikiza tu, jioni anarudi kwao."

"Mimi kelele siziwezi, mwanangu. Wala kuchorewa kuta."

"Niko peke yangu, mama. Hata redio sina."

Mama Eliwaza akaridhika, akafungua pindo la khanga na kutoa ufunguo. Nasemba akanyoosha mkono. Papo hapo mtoto akajikwaa kizingitini, akaanguka, goti likachubuka na damu ikatoka. Akamtazama Nasemba.

"Ma..." alianza, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja. Alipokiondoa, machozi yalikuwa yamefika kidevuni.

"Shangazi," aliita kwa sauti ya chini. "Shangazi, naumia."

Nasemba hakuinama. Mkono wake ulibaki umenyooka. Mama Eliwaza naye alibaki ameushika ufunguo, na mtoto akawa anajifuta damu mwenyewe, taratibu, bila kelele.