Kukalia Sanduku

"Na mimi nakwambia siendi!" alisema Ilmars, na maneno yakamtoka pamoja na mvuke wa baridi mdomoni. "Nitazikwa hapa hapa."

"Kwa mwendo huu hutasubiri sana," Velta alimjibu mumewe. Alikuwa anaosha vikombe amevaa glavu za sufu, na juu yake za mpira. "Afadhali maiti yako haitaharibika."

Kicheko kilimponyoka mzee, akakimeza upesi. Alikuwa na kofia ya manyoya kichwani, koti mwilini na blanketi juu ya koti, akizunguka jikoni bila kutulia. Jua halikuwahi kufika humo. Ukungu mweusi ulikuwa umepanda ukutani hadi kwenye picha yao ya harusi, na soksi zilizofuliwa Jumapili zilikuwa bado zinadondosha maji kwenye kamba juu ya vichwa vyao.

"Mwenye nyumba kasema baridi itapita," alisema Ilmars.

"Mwenye nyumba! Jana hukumwona? Alipoingia humu alivaa koti. Alipotoka akalivua. Umeyaona wapi maajabu hayo?"

"Ana vituko tu yule."

"Mwenye vituko ni wewe. Ulipokuwa unatafuta nyumba hii ulimuuliza dalali kuhusu tanuri la mikate, ukauliza hadi mbwa wa jirani anabweka saa ngapi. Mabomba ya moto ya ukutani, ya kupasha nyumba joto, hukuuliza!"

"Nani anauliza mabomba ya moto? Ni sawa na kuuliza kama nyumba ina paa!"

Hata Velta mwenyewe asingeuliza. Tangu azaliwe, kabla ya hii, hakuwahi kuishi katika nyumba isiyo nayo. Akashika njia nyingine.

"Asubuhi nimempigia simu Biruta. Dada yako kakaa sebuleni na gauni la mikono mifupi, anajipepea kwa gazeti. Kafungua na dirisha, mzee! Januari hii! Ananiuliza, 'Wifi, nyie mnangoja nini huko?'"

"Biruta anajionyesha."

"Anatoka jasho, Ilmars. Jasho halina maringo."

Velta alimjua mumewe. Haogopi safari, anaogopa kuchekwa. Siku moja kabla ya kuhamia nyumba hii aliinua glasi mbele ya wenzake wote wa kuvua samaki, akaapa kwamba akishaingia hatoki tena ila kwa jeneza. Na huyu ndiye mwanamume aliyekuwa akioga ziwani kila Krismasi, katika shimo lililotobolewa kwenye barafu. Leo aonekane amekimbia baridi?

"Watanitungia wimbo," alisema mzee kwa huzuni. "Nawajua. Wataweka na kiitikio."

"Waimbe. Wewe utakuwa na fulana tu na bia mkononi."

Velta akavua glavu za mpira, akaingia chumbani, akarudi akiburuta sanduku kubwa alilokuwa amelifunga tangu alfajiri. Mfukoni alitoa tiketi mbili.

"Hii yangu, hii yako. Teksi iko njiani."

Ilmars aliacha kuzunguka. "Utaniacha?"

"Naiacha baridi. Wewe ukiing'ang'ania, shauri yako." Akakaza mkanda wa sanduku. "Tangu unioe sijalala mbali nawe ila nilipokwenda kujifungua. Lakini magoti yangu hayajui mapenzi."

Akalilaza sanduku katikati ya jikoni, akalikalia.

Mzee alirudi nyuma kama aliyeona nyoka. Kwao hakuna aendaye safari kabla ya kukaa kimya kidogo na wenzake, ndipo wainuke waondoke. Na aliyekwisha kaa ameshasafiri. Kuinuka kisha ukabaki ni kujiitia balaa.

"Kaa," alisema Velta.

"Sikai."

"Upumzishe miguu tu."

"Unanitega, bibi wewe! Nikikaa nimekwenda!"

"Basi simama."

Akasimama. Velta alitoa kwenye mkoba kipande cha mkate mweusi na samaki wa moshi, akaanza kutafuna polepole, akijiimbia puani. Ilmars alikanyaga mguu huu, akakanyaga ule. Akapuliza vidole. Akatazama sanduku, akatazama dari. Alijongea hatua moja ili asikie harufu ya samaki vizuri zaidi, na hapo ndipo tone kutoka kwenye soksi lilipomwangukia shingoni, likapenya ndani ya blanketi, ndani ya koti, likateremka uti wa mgongo taratibu kama lenye miadi huko chini.

"Mama yangu!" alipiga yowe, akarukaruka jikoni nzima. Kisha akamgeukia mkewe.

"Sogea," alisema.

Akakaa. Sanduku likalia kwi!

Wakanyamaza, kama inavyopasa. Lakini mabega ya Velta yalianza kutikisika, na ya mzee yakafuata, na ukimya mtakatifu ukawa wa kupumulia puani, machozi yanawatoka, kila mmoja akimfinya mwenzake asicheke kabla ya wakati. Honi ya teksi ilipolia, walipasuka wote wawili kwa kicheko. Wakanyakua picha ya harusi, wakafunga nyumba, wakatupa ufunguo ndani ya sanduku la barua, wakateremka ngazi wamebeba mzigo wao kama watoto waliotoroka shule.

Nje, chini ya mitende, dereva aliwangoja amevaa kaptula, analamba aiskrimu. Ng'ambo ya barabara Wajerumani walikuwa wamejilaza mchangani nusu uchi, wanapakana mafuta ya jua.

"Uwanja wa ndege," Velta alimwambia, akijikunyata ndani ya koti lake la manyoya. "Tunarudi kwetu Riga, huko theluji imefika magotini na ndani ya nyumba watu wanajipepea. Harakisha, mwanangu, kabla hatujafa kwa baridi yenu ya Hispania."